Breki zinapolia: jinsi ya kujua kama pedi zimekwisha au bado

Mlio wa breki peke yake hauthibitishi kwamba pedi zimekwisha, na breki kunyamaza hakuthibitishi kwamba pedi bado zipo. Kinachoamua ni unene wa nyama ya pedi, yaani ile sehemu nyeusi inayosugua diski, sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Hupimwa kwa milimita, pedi ya ndani na ya nje, kushoto na kulia.

Pedi mpya ya gari dogo la abiria huwa na nyama ya takriban 10 hadi 12 mm. Ikifika 3 mm, nunua nyingine. Ikifika 2 mm, badilisha wiki hiyo hiyo. Watengenezaji wengi wa magari huandika 1 mm kuwa kikomo cha mwisho, lakini usipange safari kwa kutegemea milimita hiyo moja. Nyama ya pedi ndiyo inayozuia joto la diski lisifike kwenye pistoni, ile inayoisukuma pedi, na mafuta ya breki. Ikiwa nyembamba hivyo, gari likiteremka mteremko mrefu wa Mai Mahiu, nje ya Nairobi, na watu watano na mizigo, joto hupita moja kwa moja, mafuta huchemka, na mguu wako hukuta pedali imelegea kama sifongo.

Kwa hiyo sikiliza mlio ili ujue pa kuanzia, kisha upime.

Mlio unakuja lini?

Diski ni chuma kitupu kisicho na rangi upande wa kusugua. Gari likilala nje usiku wa mvua za Aprili au Novemba, au likioshwa jioni na kuegeshwa, diski hushika kutu nyepesi ya rangi ya chungwa. Asubuhi utasikia mkwaruzo au mlio mara tatu nne za kwanza unapokanyaga breki, kisha unaisha. Hiyo si hitilafu. Kama umetoka mtaani, umefika barabara kuu, umeshika breki mara kumi na bado gari linalia, basi sababu si kutu.

Mlio mwembamba na mkali unaofuata mzunguko wa gurudumu ni wa kuchukulia kwa uzito. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma kilichokunjwa kuelekea diski. Nyama ikibaki takriban 2 hadi 3 mm, kibati hicho huanza kugusa diski na kupiga kelele kwa makusudi. Mara nyingi utakisikia hata mguu ukiwa mbali na pedali, na ukikanyaga mlio hubadilika au hukatika. Ukipita karibu na ukuta, kwa mfano njia ya chini ya daraja au kando ya uzio wa mawe, fungua dirisha: mlio hurudi wazi masikioni na utajua unatoka upande gani. Ukisikia fundi akisema atakikunja kibati hicho ili gari linyamaze, chukua funguo zako uondoke. Kimewekwa hapo kwa ajili yako.

Lakini si kila pedi ina kibati. Katika magari mengi kipo kwenye pedi moja tu ya kila gurudumu, na pedi nyingi za bei ya chini hazina kabisa. Ndiyo maana gari linaweza kutoka kimya hadi kusaga chuma bila onyo lolote katikati.

Mlio unaokuja tu ukikanyaga breki polepole, kama kwenye foleni ya Jogoo Road au Outering jijini Nairobi, na kupotea ukikanyaga kwa nguvu, kwa kawaida ni mtetemo. Pedi hutetemeka ndani ya nafasi yake, na diski huitikia kama kengele. Huenda pedi bado ina 8 mm. Sababu zake za kawaida ni hizi: uso wa pedi umeungua na kuwa laini unaong'aa kama kioo, vibati vyembamba vya nyuma ya pedi vilitupwa pedi zilipobadilishwa mara ya mwisho, pini ambazo kalipa (kifaa kinachobeba pistoni na kubana pedi) huteleza juu yake zimekauka, au pedi ni ngumu kupita kiasi. Ukibadilisha pedi peke yake na kuacha pini kavu, mlio utarudi baada ya wiki chache na utakuwa umelipa bure.

Sauti ya kusaga, nzito, inayosikika hata kwenye pedali na sakafu, ina maana moja: chuma kinasugua chuma. Nyama imekwisha na bamba la nyuma la pedi linachonga diski. Usiendelee hadi mwisho wa mwezi, wala usiendeshe hadi upande wa pili wa mji. Siku moja ya kusaga inaweza kuharibu diski ambayo ingedumu miaka, na gari haliwezi kusimama kwa umbali uliozoea.

Kuna pia jiwe. Ukitoka barabara ya vumbi, tuseme Utawala, Kitengela au ndani ya Ruai, kokoto ndogo hunasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Hulia kwa mkwaruzo wa bati, bila kusita, iwe umekanyaga breki au hukukanyaga. Rudi nyuma mita chache, kisha mbele, mara mbili tatu; mara nyingi huanguka. Isipoanguka, tairi hutolewa na bati linasogezwa kidogo kwa bisibisi.

Mngurumo unaoongezeka na mwendo na kubadilika ukikata kona ni wa beringi, na mlio kutoka nyuma ya gari lenye drami, yaani breki za ngoma badala ya diski, una mambo yake, tutayafikia.

Taa nyekundu ya breki

Kabla ya tairi kutolewa, fungua boneti utazame kopo la mafuta ya breki. Pedi zikiisha, pistoni husogea nje zaidi na mafuta hushuka kwenye kopo ili kujaza nafasi hiyo. Taa nyekundu ya breki ikianza kuwakawaka ukiteremka au ukikata kona, huenda mafuta yamefika alama ya chini kwa sababu hiyo tu. Wengi wakiona hivyo huongeza mafuta hadi juu. Usifanye hivyo kabla ya kupima pedi. Siku utakapoweka pedi mpya pistoni itarudishwa ndani, mafuta yatapanda, na kopo lililojazwa litamwagika. Mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. Yakimwagika, osha na maji mengi papo hapo.

Kama mafuta yameshuka na pedi bado ni nene, kuna uvujaji. Hapo usiendeshe hadi upate ulipo.

Kupima nyama ya pedi

Gari lenye rimu za aloi zilizo wazi unaweza kulitazama bila kutoa tairi. Kunja usukani hadi mwisho ili gurudumu la mbele litokeze, washa tochi ya simu, na uangalie kati ya matundu ya rimu. Utaiona pedi ya nje. Tatizo ni kwamba pedi ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni moja kwa moja, mara nyingi ndiyo inayoisha kwanza, na huwezi kuiona kutoka hapo. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika: fundi anachungulia rimu, anaona 6 mm, anasema bado, huku ya ndani imebaki 2. Vitz na Probox zenye rimu za chuma hazionyeshi hata ya nje vizuri. Toa tairi.

Tairi ikitoka, kalipa nyingi zina dirisha juu linaloonyesha pedi zote mbili kwa pamoja. Pima nyama tu. Usijumlishe bamba la chuma la nyuma, ambalo lina unene wake wa karibu 5 mm na humdanganya anayetazama haraka. Kama huna kipimo cha vernia, panga kadi nne bapa za benki pamoja. Kadi moja ina unene wa 0.76 mm, kwa hiyo nne ni 3 mm. Zishike kando ya nyama. Nyama ikilingana nazo au ikiwa nyembamba zaidi, muda umefika. Tumia kadi zisizo na namba zilizoinuka, kwani zile huongeza unene.

Pima kila pedi sehemu mbili, juu na chini, na uandike namba ndogo zaidi. Kisha linganisha. Tofauti ya 1 mm kati ya pedi ya ndani na ya nje si ya kukusumbua. Tofauti ya 3 mm inasema kalipa haitelezi. Pedi iliyoliwa kama kabari, nene juu na nyembamba chini, inasema pini moja imekwama. Na kama gurudumu la kulia limeliwa sana kuliko la kushoto, huenda pistoni ya kulia hairudi au mpira wa breki, yaani bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kalipa, umeziba kwa ndani. Utalithibitisha hilo baada ya safari fupi: sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Inayotoa joto kali kuliko mwenzake ndiyo iliyoshika.

Pedi iliyopasuka, iliyomomonyoka pembeni, iliyoachana na bamba lake, au iliyolowa mafuta hubadilishwa hata ikiwa na 9 mm. Pedi iliyonyonya mafuta haisafishiki. Hata ukiipiga msasa, joto litayatoa tena.

Piga hesabu ya kilomita

Watu huuliza pedi hudumu kilomita ngapi. Hakuna jibu moja, kwa sababu gari linalotoka Rongai hadi katikati ya mji kila asubuhi hushika breki mara nyingi kuliko linalokwenda Nakuru kila wiki, hata kama kilomita zinalingana. Otomatiki nzito huila pedi kuliko Demio ya gia za mkono. Jibu sahihi liko kwenye gari lako mwenyewe.

Andika unene wa pedi kila mara tairi zinapotolewa, pamoja na kilomita. Tuseme kwenye kilomita 82,000 pedi nyembamba kuliko zote ilikuwa 7 mm, na kwenye 92,000 ni 5 mm. Umepoteza 2 mm kwa kilomita 10,000, yaani 1 mm kwa kila 5,000. Umebakiwa na 2 mm kabla ya kufika 3, kwa hiyo panga kununua ukikaribia kilomita 102,000. Ikiwa kati ya hapo umebadilisha kazi na sasa unapita Waiyaki Way saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila siku, pima mapema. Pima angalau kila kilomita 10,000. Nyama ikishafika 5 mm, pima kila unapobadilisha oili.

Diski na kalipa

Usinunue pedi kabla ya kutazama diski, kwa sababu huenda ununuzi ukawa mkubwa kuliko ulivyofikiri. Pitisha kucha kwenye uso wa diski. Mikwaruzo midogo ni ya kawaida. Kucha ikikwama kwenye mifereji, au kukiwa na ukingo mrefu pembezoni, pima unene wa diski. Kikomo kimechorwa kwenye diski yenyewe, pembeni au kwenye kitovu chake, kwa herufi MIN TH na namba ya milimita. Diski za mbele za baadhi ya magari madogo huanza na 22 mm na kikomo chake ni 20, lakini fuata namba iliyoandikwa kwenye yako. Pima ndani ya ukingo, si kwenye ukingo wenyewe.

Kuchonga diski kwenye mashine ya lathe ni kazi halali ikiwa itabaki juu ya kikomo baada ya kuchongwa, na ikiwa na akiba ya kuliwa na pedi mpya. Diski ya kikomo cha 20 iliyobaki 20.4 haifai kuchongwa. Ikichongwa, itapata joto upesi na kupinda, na utaanza kuhisi usukani ukitetemeka ukishika breki kwenye mwendo wa kilomita 80. Diski hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, kama zilivyo pedi.

Usukani unaotetemeka una chanzo kingine mjini: kuosha gari mara tu linapotoka barabarani. Umeteremka kutoka Limuru, breki zimewaka moto, na kijana wa kuosha anapiga diski maji baridi kwa mashine. Chuma hicho kinaweza kujikunja. Mwombe aanze na ndani ya gari na viti, magurudumu yawe ya mwisho.

Kununua pedi Kirinyaga Road na kwingineko

Beba pedi ya zamani na namba ya chesisi. Mwaka na jina la gari havitoshi, maana Fielder mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na kalipa za ukubwa tofauti. Weka pedi mpya juu ya ya zamani, bamba kwa bamba. Masikio (ncha mbili za bamba), urefu na sehemu ya kibati lazima vilingane kabisa. Pedi inayohitaji kusagwa kwa grainda ili iingie si ya gari lako.

Zitazame zote nne. Bamba liwe bapa, lenye rangi sawasawa, lisilo na kutu chini ya rangi. Nyama ishikane na bamba bila mwanya. Isage kidogo kwa kucha pembeni: ikimeguka kama udongo mkavu, irudishe. Maandishi ya kwenye boksi yafanane na yaliyochapwa nyuma ya pedi. Boksi zuri lenye pedi zisizo na namba yoyote ni dalili mbaya. Bei ya chini sana kuliko maduka matano ya jirani pia ni dalili. Dai risiti yenye namba ya pedi, ili uweze kuirudisha.

Pedi za chini ya kiwango zina makosa ya aina mbili. Zilizo ngumu sana hulia, hula diski, na hazishiki hadi zipate joto. Zilizo laini sana huisha kabla ya mwaka na kujaza rimu vumbi jeusi. Pedi za kauri ni kimya na zina vumbi kidogo. Za mchanganyiko wa chuma huhimili joto zaidi lakini hulia kirahisi. Kwa gari la familia linaloishi kwenye foleni za Nairobi, pedi nzuri ya aina ile ile iliyotoka nayo kiwandani inatosha. Hakuna sababu ya kununua pedi za mashindano. Zile hazishiki vizuri zikiwa baridi.

Nunua pia grisi ya kalipa, ile ya silikoni isiyodhuru mpira, pamoja na kopo la dawa ya kupulizia ya kusafishia breki. Kama vile vibati vya chuma vinavyoshika masikio ya pedi vimekufa, nunua seti mpya. Ni vitu vidogo, na ndivyo vinavyoamua kama gari litanyamaza.

Kazi yenyewe

Hapa tunazungumzia breki za diski za mbele zenye pistoni moja, ambazo ndizo nyingi barabarani. Egesha mahali bapa na pagumu, vuta handibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao. Legeza nati robo mzunguko tairi ikiwa bado chini. Toyota nyingi ndogo hutumia soketi ya 21. Kisha piga jeki kwenye sehemu iliyowekewa jeki, na uweke stendi ya chuma chini ya gari. Jeki huachia. Tairi iliyotolewa iingize chini ya gari kama kinga ya pili.

Fanya upande mmoja hadi mwisho ndipo uhamie wa pili, ili daima uwe na mfano wa kutazama.

Kunja usukani ili nyuma ya kalipa ijitokeze. Fungua bolti ya chini ya kalipa, mara nyingi kwa spana ya 14, huku ukishikilia pini kwa ya 17 isizunguke. Inua kalipa juu kama mfuniko na uifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Mpira huo hupasuka ndani bila kuonyesha dalili nje. Toa pedi na uangalie kibati cha onyo kilikuwa upande gani, juu au chini, ndani au nje. Kipya kirudi hapo hapo.

Usipulize vumbi la pedi kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa, maana baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Pulizia dawa ya breki au futa kwa kitambaa kilicholowa. Petroli na dizeli ziweke mbali. Huacha mafuta kwenye diski na huharibu mipira.

Chomoa pini mbili za kalipa. Hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na ya harakaharaka, na ni sehemu inayorukwa zaidi ya zote. Pini lazima itoke na kuingia kwa vidole bila kulazimishwa. Safisha grisi ya zamani yote, sugua kutu kwa brashi ya waya, pakaza safu nyembamba ya grisi ya silikoni, rudisha. Usijaze tundu, hewa iliyonaswa itaisukuma pini. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira na kuikwamisha baada ya miezi michache. Pini moja ikiwa na mpira mwishoni na nyingine haina, kila moja irudi kwenye tundu lake.

Sasa rudisha pistoni. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Likiwa limejaa, nyonya kiasi kwa bomba la sindano safi. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni na uibane polepole kwa klampu hadi iingie yote. Ikiingia kwa shida au kwa kwenda upande, au mpira wake wa vumbi umepasuka, kalipa inahitaji kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya. Kalipa za nyuma zenye handibreki ndani yake haziingii kwa kubanwa. Pistoni yake huzungushwa kama skrubu kwa kifaa chake, na kuilazimisha kwa klampu ni kuiua. Magari yenye handibreki ya umeme hutaka kwanza kuwekwa katika hali ya matengenezo kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Tahadhari kubwa kwa wenye Aqua, Prius na mahibridi mengine ya Toyota: mfumo wake unaweza kujisukumia shinikizo la breki gari likiwa limezimwa, hata kwa kufungua mlango tu. Kalipa ikiwa wazi, pistoni inaweza kuruka nje au kukubana vidole. Zima gari, weka ufunguo mbali, subiri mlio wa pampu ukome, kisha ondoa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12 kabla ya kugusa kalipa. Fundi asiyelijua hili asilishike gari lako. Na kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo, pedi za mahibridi hudumu sana, hadi pini hukwama kwa kutu pedi zikiwa bado nene. Hayo yapime kwa pini, si kwa pedi.

Safisha kwa brashi ya waya sehemu ambazo masikio ya pedi hukaa, weka vibati vyake, pakaza grisi kidogo sana kwenye masikio na nyuma ya bamba, pale pistoni inapogusa. Hata tone lisifike kwenye nyama wala kwenye diski. Ingiza pedi, ziteleze kwa mkono. Shusha kalipa, kaza bolti. Bolti hizi ni ndogo, takriban 30 hadi 35 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza, husomwa kwenye spana ya toki) kwa Toyota nyingi ndogo, na hukatika zikikazwa kwa nguvu za nati za tairi. Rudisha tairi, kaza nati kwa mpangilio wa nyota, na umalize kwa 103 Nm kwa Toyota nyingi ndogo. Kitabu cha gari lako kina namba yake.

Kabla ya kuwasha gari na kulitia gia, kanyaga pedali ya breki taratibu mara nyingi hadi iwe ngumu. Pistoni iko ndani kabisa, na kanyago la kwanza litazama hadi sakafuni bila kushika chochote. Magari yamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hatua hii moja. Kisha tazama kopo la mafuta; likiwa chini ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Usiweke mafuta ya usukani wala oili yoyote: mipira yote ya mfumo itavimba. Mafuta yaliyozidi miaka 2 ni ya kubadilisha yote, kwa sababu hunyonya unyevu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Iliyonyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140.

Drami za nyuma

Vitz, Probox na nyingine nyingi zina drami nyuma, na ndani yake breki shuu, vipande vya mviringo vyenye nyama vinavyosukumwa nje kusugua drami. Huliwa polepole kuliko pedi za mbele, kwa hiyo husahaulika. Toa drami kila ubadilishapo pedi za mbele mara mbili. Ikikataa kutoka, achia handibreki, na utumie matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti mbili za M8, kaza kwa zamu, drami itajitenga. Mlio wa hapa mara nyingi ni vumbi lililojaa au mguso mkavu kati ya shuu na bamba lake. Shuu yenye nyama chini ya 1 mm, au iliyoloweshwa na silinda inayovuja, hubadilishwa pande zote mbili.

Kuzizoesha

Pedi mpya hazijalingana na uso wa diski. Tafuta barabara isiyo na watu, kama Southern Bypass Jumapili alfajiri. Endesha hadi kilomita 50 kwa saa, punguza hadi karibu 15 kwa mkanyago wa wastani bila kusimama kabisa, endesha nusu dakika zipoe, rudia mara nane hadi kumi. Kisha endesha dakika kumi bila kushika breki isipobidi. Ukisimama umekanyaga pedi zikiwa na moto, zitaacha alama kwenye diski na utahisi mtetemo baadaye.

Harufu kidogo ya kuungua siku ya kwanza ni ya kawaida, na mlio mwepesi unaweza kuwepo kwa kilomita 200 au 300. Ukiendelea baada ya hapo, usipige pedi msasa. Fungua tena utazame vibati vya nyuma, grisi ya masikio na pini. Kaza nati za tairi tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na uandike kwenye daftari: tarehe, kilomita, unene wa kila pedi mpya.